Waridi Hununuliwa kwa Pua

Simama robo saa kwenye kitalu cha maua kandokando ya barabara yoyote kubwa ya Dar es Salaam, uangalie watu wanavyonunua waridi. Gari linapaki, kioo kinashuka, kidole kinanyooshwa: "Lile jekundu pale, shilingi ngapi?" Bei inapatanwa, kiriba kinavishwa mfuko ili udongo usichafue buti, gari linaondoka. Hakuna aliyeinama. Mnunuzi huyohuyo akienda Soko la Mabibo kutafuta nanasi atalinyanyua, atalibonyeza, atalinusa kitakoni, na lisiponukia atalirudisha chini bila haya. Kwenye waridi, ua ambalo watu wa Pwani walilipenda kwa harufu kabla ya kitu kingine chochote, anatumia macho peke yake.

Ndiyo maana nyua za Sinza, Kimara na Goba zimejaa miwaridi mizuri yenye maua mekundu mno, yasiyonukia chochote. Wenyewe hudhani ni udongo. Wengine hulaumu mbolea, au maji ya kisima, au jua la Dar. Jua lina sehemu yake na tutalifikia, lakini mara nyingi mambo yalikwisha haribika dakika ile ya kunyoosha kidole. Mwaridi usiozaliwa na harufu hautanukia hata uumwagie nini.

Ninalolizungumzia hapa ni waridi chotara la chai, lile la shina refu lenye tumba moja lililochongoka, ambalo petali zake hujikunja kwa nje likianza kufunguka. Ndilo linalochorwa kwenye kadi za harusi. Ukoo wake ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1867 mkulima wa miche wa Lyon, Ufaransa, aitwaye Jean-Baptiste Guillot, alitoa waridi aliloliita La France, na hilo ndilo linalohesabiwa na wengi kuwa la kwanza la kundi hili. Kwa upande mmoja ni mzao wa mawaridi ya Ulaya, yenye harufu nzito na yaliyozoea kulala miezi ya baridi. Kwa upande mwingine ni mzao wa mawaridi ya chai kutoka China, ambayo yalifikishwa Uingereza mwaka 1809 na mengine mwaka 1824. Waridi la China lilileta tabia ya kuchanua tena na tena, tumba refu, na uvumilivu wa joto. La France lenyewe lilinukia sana.

Kwa mkazi wa Ubungo, manispaa ya Dar zilimo Sinza na Kimara, ukoo huu una maana. Damu ya China ndiyo inayouwezesha mwaridi kuishi kwetu. Damu ya Ulaya ndiyo inayoufanya udai mapumziko ambayo hali ya hewa yetu haiupi. Dar hakuna theluji ya kuulaza, kwa hiyo unatoa majani na maua mwaka mzima mpaka unachoka, shina linakuwa jembamba, maua yanakuwa madogo, na mwenye nyumba anaung'oa akisema umezeeka. Haujazeeka. Haujawahi kulala. Mkasi ndio utakaoulaza, na wakati wa kuushika mkasi huo ni jambo la pili kwa uzito katika sura hii, baada ya pua.

Mjini Lyon hukohuko, mwaka 1900, Joseph Pernet-Ducher alitoa Soleil d'Or, waridi alilolipata kwa kuchanganya na waridi la manjano la Uajemi. Manjano kali na rangi ya chungwa tunazoziona leo kwenye mawaridi ya bustani kwa sehemu kubwa zinatokana na kazi yake. Rangi hiyo ilikuja na mzigo: majani yanayoshikwa upesi na ugonjwa wa madoa meusi. Kwa Mfaransa ni kero ya miezi michache. Kwetu, masika yakishakolea, mwaridi wa manjano unaweza kubaki vijiti vitupu kabla Mei haijaisha. Kwa hiyo, kama huu ni mwaridi wako wa kwanza, nakusihi uache manjano. Anza na nyekundu iliyokolea au ya pinki, uzoee, kisha ujaribu hayo mengine kwa hiari yako.

Sasa, harufu ilikwenda wapi? Jibu la karibu liko Arusha na Naivasha. Mashamba ya maua yanayouzunguka Mlima Meru, na yale makubwa zaidi ya Kenya kando ya Ziwa Naivasha, hulima waridi la safari. Ua likatwe leo, lipozwe, lipangwe kwenye boksi, lipande ndege, lifike Uholanzi, lipigwe mnada, liende dukani, kisha likae mezani kwa mnunuzi wiki nzima bila kulegea. Wanaozalisha aina mpya kwa soko hilo walichagua petali nene, shina refu, tumba lisilofunguka haraka. Hakuna aliyekusudia kuiua harufu. Ni kwamba hakuna aliyeilipia, na kizazi baada ya kizazi ikawa inaachwa nyuma.

Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walichapisha kwenye jarida la Science jambo lililowashangaza hata wao. Walilinganisha mawaridi mawili, Papa Meilland linalonukia sana na Rouge Meilland lisilonukia, wakatafuta tofauti ndani ya petali. Walichokikuta ni kimeng'enya walichokiita RhNUDX1, cha familia iliyojulikana zaidi kwa kazi ya usafi ndani ya seli. Hakuna aliyeitarajia familia hiyo kwenye mambo ya manukato. Kwenye Papa Meilland kimeng'enya hiki kinachapa kazi na kusaidia kutengeneza jeranioli, mojawapo ya kemikali zinazolipa waridi harufu yake. Kwenye lile lingine kama hakipo. Mbolea haiwezi kukiwasha.

Hapa ndipo wanapokwama wale wanaopewa shada la mawaridi Februari 14, wakapenda rangi, wakakata vikonyo na kuvichomeka ardhini. Kikonyo kikishika, na mara chache hushika, unapata nakala kamili ya ua lilelile la boksi, pamoja na ububu wake. (Kuhusu zile video za kuchomeka kikonyo ndani ya kiazi mviringo: katika joto la Dar kiazi kitaoza kabla mzizi haujatoka, na utakuwa umepoteza kikonyo na chipsi.)

Majina yanayofaa kuyakumbuka si mengi. Papa Meilland, la mwaka 1963, ni jekundu linaloelekea weusi. Fragrant Cloud la Mathias Tantau wa Ujerumani, la mwaka huohuo, lina rangi ya matumbawe. Mister Lincoln la Marekani, la 1964, ni jekundu la mahameli, na kwa maoni yangu ndilo la kwanza kulitafuta kwa bustani ya joto kwa sababu mti wake una nguvu. Double Delight la 1977 ni jeupe lenye kingo nyekundu, na jua ndilo linalolipaka wekundu huo. Jina maarufu kuliko yote ni Peace, la Francis Meilland, lililopewa jina hilo Marekani Aprili 29, 1945, vita vikielekea ukingoni huko Ulaya. Ni ua la kupendeza, lakini harufu yake ni hafifu. Sifa na harufu havitembei pamoja.

Tatizo ni kwamba kwenye vitalu vyetu vibao vya majina ni nadra. Kuna jekundu, jeupe, la pinki, la manjano, na la "rangi mbili". Ukimuuliza muuzaji kama yananukia, atakujibu kama nilivyojibiwa: "Yananukia yote, bosi." Usimlaumu, yuko kazini. Badilisha swali. "Kaka, akina mama wanaofunga vikuba wakija hapa huwa wanachukua lipi?" Swali hilo lilimfanya kijana wa kitalu aache kuniangalia mfukoni. Alifikiri kidogo, akapita nyuma ya mitende ya vyungu, akarudi na mwaridi mfupi wenye majani yaliyotoboka na ua moja la pinki lililokwisha legea. "Hili. Ila si zuri, bosi. Halikai." Petali zilikuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, na harufu yake niliipata kabla hajalitua chini.

Kunusa nako kuna utaratibu wake. Nenda asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne, umande umekauka lakini jua halijachoma. Ukienda saa tisa alasiri unapima mabaki. Usichague tumba lililofunga wala ua lililofunguka hadi kitovu cha manjano kikaonekana. Chagua lililo nusu ya safari. Lipulizie pumzi ya moto taratibu, kisha nusa. Pumzi ile huamsha harufu iliyo kwenye ngozi ya juu ya petali, ambako ndiko inakotengenezwa. Pumzika kidogo kabla ya kwenda kwenye ua jingine, maana pua huchoka upesi kuliko macho. Nyekundu zilizokolea na pinki kwa kawaida hukupa harufu ile ya marashi tunayoijua. Nyeupe, manjano na za rangi ya chungwa huelekea kwenye ndimu, matunda au majani ya chai. Petali ukizishika zikawa ngumu kama ngozi, jihadhari: huenda ni ndugu wa waridi la boksi.

Kiangalie pia kitako cha shina. Kama kuna uvimbe au kona karibu na udongo, mwaridi huo umebebeshwa, yaani jicho la aina nzuri limeungwa juu ya shina mama la waridi pori. Kwa mchanga wetu hiyo ni heri. Mchanga wa joto ndio makazi ya minyoo fundo, viumbe visivyoonekana kwa macho vinavyoivimbisha mizizi ikawa kama shanga na kuizuia isinywe. Huko Florida, ambako mchanga na joto vinafanana na vyetu, wakulima hubebesha mawaridi yao juu ya shina mama la Fortuniana kwa sababu hiyohiyo. Mashamba ya maua ya Afrika Mashariki yametumia sana Natal Briar. Muuzaji wa Kimara hatakuambia ni shina mama gani, lakini kuwa na uvimbe ni bora kuliko kukosa. Ukipanda, uvimbe huo ubaki juu ya udongo kama upana wa vidole viwili. Na chipukizi lolote litakalotokea chini yake ling'oe kwa kulivuta likiwa bado changa. Ukilikata tu litarudi na wenzake, na baada ya mwaka utakuwa unamwagilia waridi pori.

Miche mingi huja na malori kutoka nyanda za juu, Lushoto na Arusha hasa, ambako usiku ni wa baridi. Ikifika kwetu hupukutisha majani. Usiuzike mche wako siku hiyohiyo kwenye jua la Mbezi. Uache ndani ya kiriba chake chini ya mwembe au kibarazani wiki mbili tatu, uumwagilie, usiutie mbolea yoyote. Ukitoa machipukizi mapya mekundu, umekubali.

Mahali pa kuupanda panategemea unaishi upande gani. Ubungo ilipotengwa na Kinondoni mwaka 2016 ikawa manispaa yake, ilibeba maeneo yasiyofanana hata kidogo. Manzese, Mabibo na Sinza ni tambarare, nyumba zimegusana, ua umejaa pavingi, na chini ya pavingi kuna kifusi. Huko panda kwenye chombo. Ndoo ya rangi ya lita 20 ndiyo kima cha chini, na nusu pipa ni bora zaidi. Toboa matundu chini na upake nje rangi nyeupe, maana chombo cheusi juani huichemsha mizizi. Kimara, Mbezi, Kibamba na Kwembe ni milima na mabonde. Huko nafasi ipo lakini mvua hubeba udongo wa juu na kuutupa kwa jirani wa chini. Chimba kwa kontua, weka tuta la mawe upande wa mteremko, ndipo upande.

Shimo liwe na nusu mita kila upande. Mchanga unaoutoa rudisha nusu yake tu. Nusu nyingine iwe samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu, pamoja na udongo mwekundu wenye mfinyanzi ili maji yasipite tu kama kwenye chujio. Mbolea ya kuku mbichi huunguza mizizi, iache ikae miezi mitatu kwanza. Jua linahitajika saa sita kwa siku, na kwa Dar jua la thamani ni la asubuhi. Ukuta au mti unaoleta kivuli kuanzia saa nane mchana ni bahati. Juu ya udongo tandaza majani makavu, maranda yaliyooza au makumbi ya nazi, lakini acha kiganja kizima kati ya matandazo na shina, la sivyo utakuwa umewajengea mchwa njia ya kivuli hadi kwenye gome.

Maji nayo yana hadithi yake. Mwaridi uliopandwa mchangani hutaka kama lita kumi kwa mara moja, mara mbili au tatu kwa wiki kipindi cha kiangazi, na ni heri mara chache kwa wingi kuliko kikombe kila jioni. Bomba likikauka kwa mgao, watu hukimbilia kisima, na visima vingi vya mjini vina chumvi. Mwaridi haupendi chumvi. Utaona kingo za majani zinakauka kahawia, na kwenye chungu ukoko mweupe unajitokeza. Ukilazimika kutumia maji hayo, kila baada ya muda usafishe udongo kwa kumwaga maji baridi mengi yapite hadi chini, au ungoje mvua ifanye kazi hiyo. Kuna chanzo kingine ambacho watu wanakiacha kitiririke ukutani: maji yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi. Hayana chumvi kabisa. Kinga ndoo chini yake usiku mmoja wa Januari uone.

Kuhusu mbolea sina mengi. Kijiko kikubwa cha NPK kwa mti mmoja kila mwezi, kikizungushwa mbali na shina na kumwagiliwa maji, kinatosha. Urea nyingi itakupa majani ya kujaza kikapu na maua ya kuhesabu kwa vidole.

Turudi kwenye kulala. Mwaka wa mwaridi wa Dar hauanzi Januari. Kuanzia Desemba hadi katikati ya Machi, kaskazi inavuma na joto la mchana linapita nyuzi 30 karibu kila siku. Ua hufunguka asubuhi na kufikia jioni limekwisha. Ni dogo, kingo zimeungua, na kemikali za harufu, ambazo kazi yake ni kuyeyuka hewani, zimeyeyuka zote kabla hujatoka kazini. Februari, mwezi ambao mji mzima unatafuta mawaridi, ndio mwezi mbaya kuliko yote kwa waridi la Ubungo. Kisha masika hadi Mei: maji tele, majani tele, na madoa meusi. Baada ya hapo kusi linashika, usiku wa Julai unashuka chini ya nyuzi 20, hewa inakauka kidogo, na mwaridi uleule uliokuwa unaona haya unatoa ua linalochukua siku nne kufunguka. Hapo ndipo utakapojua ulinunua nini. Wanaokata tamaa na waridi la Dar wengi wamelihukumu kwa ua la Februari.

Tangu kupogoa hadi ua kufunguka ni wiki sita hadi nane, kulingana na aina na hali ya hewa. Hesabu nyuma. Ukipogoa wiki ya mwisho ya Mei au ya kwanza ya Juni, mvua kubwa zikiwa zimekatika, utakuwa na maua kati ya katikati ya Julai na Nane Nane. Ukitaka Sabasaba itabidi ukate katikati ya Mei, mvua zikiwa bado zinanyesha, na vidonda vibichi havipendi mvua. Pogoa tena kidogo mwishoni mwa Agosti, upate mkupuo wa pili Oktoba na mwanzoni mwa vuli. Kuanzia Desemba weka mkasi chini. Ondoa maua yaliyokufa tu na uuache mti upumue chini ya majani yake.

Kupogoa kwenyewe kunawatisha watu, kwa sababu mwaridi uliopogolewa vizuri unaonekana umeonewa. Pangusa mkasi kwa spiriti. Ondoa kwanza matawi yaliyokufa, kisha yale membamba kuliko penseli, kisha yanayovuka katikati na kusuguana. Yaliyobaki, manne au matano manene, yafupishe hadi nusu. Usishuke hadi chini kabisa kama vitabu vya Ulaya vinavyoagiza, kwa sababu huku kwetu mti huweka akiba yake kwenye matawi hayo. Tafuta jicho, ile nukta ndogo nyekundu iliyovimba pale jani lilipokuwa, linaloangalia nje ya mti. Kata juu yake kidogo, kama unene wa shilingi tatu zilizopangwa, mkato ukiinamia upande wa pili ili maji ya mvua yasitiririkie jicho. Kisha tazama ulipokata. Kiini kikiwa cheupe chenye ute wa kijani pembeni, umefika mahali pazima. Kikiwa kahawia, shuka jicho moja chini ukate tena, na tena, mpaka weupe utokee. Ukimaliza, yachume majani yote ya zamani yenye madoa na uokote yaliyoanguka. Yatie kwenye mfuko wa taka, si kwenye mboji.

Madoa meusi hayo ni kuvu, Diplocarpon rosae, na udhaifu wake mkubwa ni kwamba mbegu zake huhitaji jani lililolowa takribani saa saba mfululizo ili ziote. Anayemwagilia jioni kwa mpira, akiyaosha majani kutoka juu, amezipa usiku mzima. Mwagilia asubuhi, chini, shinani. Mvua ya masika huwezi kuipangia saa, kwa hiyo mwezi wa tatu, kabla haijakolea, anza kupulizia dawa ya kopa au mankozebu kwa kipimo cha kwenye pakiti, ukiwa umevaa barakoa na glovu, na usichanganye dawa mbili kwa kubahatisha. Januari adui ni mwingine: utitiri mwekundu, unaokaa chini ya jani na kulifanya liwe na vumbi la shaba. Dawa nyingi za wadudu hazimgusi na huua wanaomla. Pindua jani, mpige kwa maji ya mpira kwa nguvu kutoka chini, asubuhi tatu mfululizo. Hapa tu ndipo ninaporuhusu majani yaloweshwe, kwa kuwa jua la Januari litayakausha kabla ya saa nne. Vidukari kwenye matumba hufuatwa na sisimizi, na maji ya sabuni au ya majani ya mwarobaini huwatosha.

Mtu akiniambia haya yote ni kazi nyingi, simbishii. Asumini hunukia usiku kucha, haiulizi dawa wala mkasi, na kwa kikuba ina haki ya kwanza. Waridi ni la anayetaka kuamka na kutoka nje na kikombe cha chai mkononi akaangalie limefika wapi.

Nalo likifika, likate. Likiachwa mtini huanza kutengeneza tunda na mti hupunguza kasi. La chombo cha maji likate saa moja asubuhi, petali mbili za kwanza zikiwa ndiyo kwanza zimelegea, juu ya jani lenye vijani vitano. La kikuba, la kumwaga kitandani kwa biharusi, au la kuchanganya na asumini na rehani kwenye sinia, lingoje lifunguke zaidi kwa sababu hapo ndipo linapotoa harufu kwa wingi. Wapo wanaotamani kutengeneza marashi ya maji, yale ya kutia kwenye mrashi na kunyunyizia watu maulidini. Nyumbani inawezekana: petali na maji kwenye sufuria, bakuli katikati, mfuniko uliogeuzwa juu chini wenye barafu, moto mdogo, na matone yatadondokea bakulini. Ila usitegemee halwaridi. Marashi ya Oman hutoka Jabal Akhdar, kwenye mwinuko wa kama mita 2,000, kwa waridi la ukoo mwingine linalochumwa kati ya Machi na Mei, na hata waridi la mafuta hudai tani tatu hadi tano za maua kwa kilo moja ya mafuta. Mti wako wa Kimara hauwezi kushindana na hesabu hiyo.

Kama una nia ya kutia petali kwenye chai, halua au marashi, tenga mwaridi mmoja mbali na mingine, usiupulizie dawa mwaka mzima na uvumilie madoa yake. Petali za mti uliopuliziwa, na za mawaridi yote ya kununua kwenye mashada, zibaki kwenye chombo cha maua, jikoni zisiingie.